Kigoda cha Ibilisi

Hapo zamani, katika nchi za mbali za kaskazini ambako wakati wa baridi maji ya kisimani hugeuka jiwe na watu hulala na ngozi za kondoo mwilini, palikuwa na mji jina lake Montarelo, na mji huo ulitawaliwa na askofu. Nasema ulitawaliwa, maana zama hizo askofu hakuwa mtu wa kuhubiri tu. Alikuwa na ngome, na askari, na gereza, na mpishi wake mwenyewe, na neno lake likisha kutoka halirudi. Askofu huyu aliitwa Fulberto. Hakuwa mtu mbaya, wala sitaki mumchukie mapema. Alikuwa mnene, mcheshi akishiba, na kasoro yake ilikuwa moja tu: kila alichokuwa nacho askofu jirani, naye alikitaka.

Basi ikawa askofu jirani ameunda baraza la kuhukumu wazushi. Wazushi, kwa maneno ya kanisa la siku hizo, ni watu walioiacha imani ya wote wakajizulia ya kwao. Baraza lile lilikuwa na viti virefu vya mninga wa huko, na mazulia, na mnadi mwenye tarumbeta, na sifa zake zikaenea kila mahali. Fulberto aliposikia, usingizi ukamruka. Akajenga baraza lake, viti virefu kushinda vile, tarumbeta mbili badala ya moja, kisha akamwajiri mwanachuoni kutoka mbali, Padri Ludovino, mtu mwembamba aliyesoma mpaka macho yakaingia ndani, akamfanya mkuu wa waamuzi.

Baraza likakaa, likangoja, na wazushi hawakuja.

Na wangetoka wapi? Watu wa Montarelo walikuwa watu wa jibini. Asubuhi wanakamua, mchana wanakoroga, jioni wanalala, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzua imani mpya. Ile ya zamani yenyewe wengine walikuwa hawajamaliza kujifunza. Waamuzi wakawa wanaketi tangu kengele ya asubuhi mpaka kengele ya chakula wakipiga miayo, na buibui wakatanda utando ndani ya tarumbeta. Askofu jirani akatuma salamu kuuliza baraza la ndugu yake linaendeleaje, na Fulberto akaiona ile kuwa kebehi tupu.

"Padri," akamwambia Ludovino, "nipatie mzushi."

"Mhashamu, hawapo."

"Basi waliopo ni nani?"

Ludovino akakuna kidevu. "Wapo wachawi," akasema. "Lakini hao si wetu."

Na kweli hawakuwa wao. Kwa sheria ya zamani ya nchi ile, mtu akija kusema amerogwa, au mwanamke akisema usiku alipaa na bundi juu ya mapaa ya nyumba, padri wa mtaa alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia: "Umeota, binti yangu. Shetani hana nguvu hizo. Kosa lako ni kuamini upuuzi. Kula mkate mkavu na maji mpaka sikukuu kubwa ijayo, ukome." Mambo yakaisha hapo, kila mtu akarudi kwenye jibini yake. Mimi sheria ile naipenda, ingawa naona sikukuu ya karibu ingetosha.

Ludovino hakuipenda. Alikuwa na kichwa cha kupanda ngazi: ukimpa neno moja, yeye huwekea la pili juu yake, na la tatu, mpaka akafika darini ambako hakuna mtu. Akasema, "Mhashamu, hebu tutazame. Uchawi haufanyi kazi ila kwa msaada wa shetani. Shetani naye hafanyi kazi bure. Basi kila mchawi amempa kitu. Ampaye shetani kitu amemheshimu, na heshima ya namna ile ni haki ya Mungu peke yake. Aliyempa shetani haki ya Mungu ameacha imani. Na aliyeacha imani..."

"Ni mzushi!" akapiga kelele Fulberto, akambusu kwenye upara.

Basi siku ileile mnadi wa baraza, jina lake Bertolo, akatembea sokoni akitangaza amri mpya: "Amwitaye shetani, au ampaye kitu, au amwinamiaye, ni mzushi, na atachomwa moto, hata shetani asipoonekana!" Hayo maneno ya mwisho yalitiwa na Ludovino kwa sababu, walipoulizana, ilionekana hapana mtu Montarelo aliyewahi kumwona.

Watu wakasikia, wakaguna, wakaendelea kukoroga. Lakini jirani mmoja mwenye kijicho, ambaye asali yake ilikuwa chungu, akaenda kunong'ona mlango wa nyuma wa Padri Ludovino, naye akaahidiwa kuwa jina lake litafichwa. Nami nimelisahau kusudi, maana hafai kukumbukwa. Kesho yake askari wakamkamata Ermelina.

Ermelina alikuwa mjane wa makamo, mfuga nyuki, na mishumaa yote ya kanisa kuu ilitokana na nta ya mizinga yake. Alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, alizoea kuinama mizingani na kuwapasha nyuki habari za mtaa, nani ameoa, nani amekufa, kwa kuwa wafuga nyuki wa nchi ile waliamini nyuki wasipopewa habari hukasirika wakahama. Ya pili, kila jioni aliweka bakuli la maziwa kizingitini kwa ajili ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira, maana mnyama yule alikuwa akila wadudu wanaosumbua mizinga. Basi hayo ndiyo aliyoyafanya, wala hakuna la tatu.

Sasa mjini palikuwa na mtu aitwaye Gucho. Hakuwa na nyumba, hakuwa na kazi, hakuwa na viatu. Mali yake yote ilikuwa gunia moja la kulalia, na alilala nyuma ya jiko la Askofu kwa sababu ukuta ule ulikuwa na joto. Watu walimwita punguani, naye hakuwabishia. Alisema ni cheo kisichohitaji kusomewa. Kila siku alikula uji wa shayiri kwa Ermelina, ambaye alikuwa ni shangazi yake, dada wa baba yake marehemu. Aliposikia shangazi amefungwa, akakimbia mpaka dirisha la gereza, akashika nondo, akalia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Nyamaza, mwanangu," akasema Ermelina kutoka ndani. "Umekula?"

"Sijala, shangazi. Wanasema watakuchoma kesho."

"Nimesikia. Uji umo chunguni, upashe moto. Na usisahau kuwaambia nyuki kwamba sipo."

Gucho akaenda akawaambia nyuki, akala uji kidogo akauacha, kwa kuwa alimpenda sana shangazi yake na hakujua angeishije bila yeye. Akaketi jikoni pa Ermelina akafikiri. Alipomaliza kufikiri akanyanyuka, akachukua gunia lake, akaenda zake.

Kesho yake baraza likafurika. Uwanjani nje askari walikuwa wamekwisha panga kuni kuzunguka mti. Askofu Fulberto akaketi katikati amevaa kofia yake ndefu, furaha imemjaa, maana hii ndiyo kesi yake ya kwanza. Ermelina akasimamishwa mbele. Gucho naye akaingia, akasimama karibu na mlango, mikono mitupu, hata gunia hana.

Ludovino akaanza. "Mwanamke, ulinong'ona nini mizingani?"

"Niliwaambia nyuki kuwa fundi seremala amemwoza binti yake, Padri."

"Na nyuki wakajibu?"

"Wakavuma."

"Wakavuma!" akasema Ludovino, akawatazama waamuzi wenzake, nao wakatazamana. "Na maziwa ya kizingitini, ni ya nani?"

"Ya kalunguyeye, Padri."

"Hebu tutazame. Huyo aja kukiwa na giza?"

"Ndiyo."

"Ana miiba?"

"Ndiyo, Padri, tele."

"Hunywa, kisha hutoweka asionekane?"

"Ndivyo. Ni kalunguyeye."

"Hilo ndilo jina alilokudanganya nalo," akasema Ludovino, akafunga mikono. "Mhashamu, amempa shetani kitu. Kazi imekwisha."

Ermelina akageuka kutafuta uso mmoja wa kumhurumia, na watu wote aliowauzia asali wakatazama miguu yao. Ndipo Gucho akasema kwa sauti kubwa, "Mhashamu, kesi hii ni ya watu wawili, nami namwona mmoja tu."

"Nani huyo?" akauliza Askofu.

"Ni mimi Gucho, mla uji wa mshitakiwa. Baba Askofu, mmesema shangazi amepatana na Ibilisi. Mapatano ni ya wawili. Huyu mmemuuliza, amekana. Je, huyo wa pili hamtamuuliza?"

Watu wakaangua kicheko, na Askofu akacheka kuliko wote, tumbo likapanda na kushuka. Kisha, kwa kuwa watu wanatazama na yeye alipenda kuonekana mkarimu, akanyanyua fimbo yake akasema, "Haya, punguani, naahidi mbele ya watu wote. Ibilisi na aje, aketi hapa, akane kuwa anamjua mwanamke huyu, nami nitamwachia huru. Lakini asipokuja kabla mimi sijala chakula cha mchana, utafungwa mti mmoja na shangazi yako."

Ermelina akapiga yowe, "Gucho, toka hapa! Nenda nyumbani!"

Gucho akainama. "Nimekubali, Mhashamu. Lakini mimi nani hata nimwite? Mimi nikimwita mbwa haji. Shahidi wa baraza huitwa na baraza. Nimesikia baraza hili lina desturi nzuri kushinda ya askofu jirani: mnadi humwita shahidi mara tatu mlangoni kwa jina lako, kwa tarumbeta, huwekewa kigoda, na humiminiwa kikombe cha divai asije akakauka koo. Au nimesikia vibaya?"

"Hukusikia vibaya," akasema Ludovino, ambaye desturi zile alizitunga mwenyewe na hakuwahi kupata mtu wa kuzisifu. "Na pasipo hayo ushahidi ni batili."

Askofu naye alipokumbuka zile tarumbeta mbili, ambazo tangu zinunuliwe hazijalia hata siku moja, moyo ukamwenda mbio. "Basi zipulizwe!" akasema. "Leteni kigoda. Leteni divai. Si ile ya watumishi, ile ya kwangu, tusije tukaaibika."

Padri Ludovino alifunua kinywa kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu, lakini tarumbeta zikalia na buibui wawili wakarukia mapajani mwake, na lile alilotaka kulisema likapotea.

Kigoda kikawekwa, kikafutwa vumbi. Kikombe kikajazwa. Bertolo mnadi akasimama mlangoni, akajaza kifua, akaita, "Ewe Ibilisi! Kwa jina la Askofu Fulberto, njoo barazani!"

Kimya. Nje punda alikohoa.

"Umemwita kijuujuu mno," akasema Gucho. "Huyo alikuwa malaika zamani. Yasemekana ni mtu wa makuu."

"Kweli, mwite kwa adabu," akaagiza Askofu.

"Mheshimiwa Ibilisi!" akaita Bertolo. "Askofu Fulberto akusalimu, naye anakuomba ufike barazani!"

Kimya tena, ila sasa watu hawakucheka. Jambo la ajabu: mtu ukimwita asiyekuwepo mara ya kwanza ni mzaha, mara ya pili shingo huanza kukuwasha. Waliokaa karibu na mlango wakasogea katikati. Gucho akatazama jua dirishani, akasema taratibu, "Bado mara moja, Mhashamu. Pengine angependa kuona watu wamesimama."

Nao wakasimama! Waamuzi wote wakasimama, na Askofu Fulberto, bila kujua anafanya nini, akavua kofia. Bertolo akaita kwa sauti ya kutetemeka, "Mtukufu Ibilisi, mkuu wa kuzimu! Karibu!"

Papo hapo kengele ya chakula ikalia, mlango ukafunguka kwa kishindo, moshi ukaingia, na ndani ya moshi akatokea mtu mkubwa, uso mzima masizi, macho mekundu kama makaa, na mkononi ana uma mrefu wa chuma.

Siwezi kuwaeleza kelele za pale. Bertolo akapenya chini ya zulia. Waamuzi wakagombania dirisha moja, wakakwama. Padri Ludovino akaanguka magotini, paji la uso likagusa sakafu, akalia, "Bwana wangu mkubwa! Ee Bwana wangu, usinichukue! Mimi nimekufanyia kazi nyingi!" Huyo mtu mkubwa akawatazama, akakiona kigoda, akaketi juu yake kwa pumzi ndefu, akaiona divai, akainywa yote.

"Mhashamu," akasema akifuta mdomo, "bata bukini anaungua. Sijui mwanaharamu gani ametia gunia kwenye bomba la moshi, jikoni hapakaliki tangu asubuhi. Mtakula au hamli?"

Alikuwa mpishi.

Gucho alikuwa akitazama dari, kama mtu anayehesabu boriti. Kisha akatembea polepole mpaka katikati ya baraza, akasema, "Mpishi, samahani, unamjua mwanamke huyu?"

"Simjui, ila kwa asali yake," akasema mpishi.

"Basi Mhashamu, mliyemwita hakuja, ama amekuja akasema hamjui. Hilo tuliache. Mimi ni mjinga, nataka kujifunza. Ile amri ya sokoni ilisemaje? Amwitaye shetani ni mzushi. Hapa ameitwa mara tatu, tena kwa tarumbeta. Ampaye kitu ni mzushi. Shangazi ameshitakiwa kwa bakuli la maziwa. Hapa nimeona kigoda na divai, na si ile ya watumishi. Amwinamiaye ni mzushi. Padri, hebu inuka, sakafu ni baridi."

"Lakini hakuonekana!" akapiga kelele Ludovino angali magotini. "Huyu ni mpishi!"

"Hata asipoonekana," akasema Gucho. "Padri, maneno hayo ni yako."

Askofu akaishika kofia yake kifuani, uso umekuwa rangi ya jibini. Mkuu wa askari, mtu mtiifu asiyekuwa na makuu, akainua mkono nyuma kule akauliza, "Mhashamu, tuongeze kuni? Mimi nilipima za mtu mmoja."

"Wewe nyamaza!" akasema Askofu. Kisha akageuka. "Padri Ludovino. Ile sheria yetu ya zamani. Hebu nikumbushe ilikuwa ikisemaje?"

Ludovino akaisoma kwa moyo, haraka, bila kupumua: ya kuwa shetani hana nguvu hizo, ya kuwa ni ndoto na mazigazi, ya kuwa kosa ni kuamini upuuzi, na adhabu yake mkate mkavu na maji mpaka sikukuu kubwa ijayo.

"Sheria nzuri sana," akasema Askofu Fulberto. "Sijui kwa nini tuliiacha. Naifuta ile nyingine. Basi, sikilizeni hukumu: walioamini kwamba Ibilisi ameingia kwa mlango ule, wote na wale mkate na maji mpaka Noeli, nami," hapo akatazama upande wa jikoni kwa huzuni, "nami nikiwamo."

"Mhashamu," akasema Ermelina, "mimi sikuamini. Masizi nayajua."

"Wewe huna adhabu. Nenda nyumbani, mama."

Ermelina akafunguliwa kamba. Hapo Gucho akasogea mbele ya Askofu, akapiga magoti, akasema kwa unyenyekevu, "Baba Askofu, mimi niliamini. Niliamini kupita wote."

"Vema. Mkate na maji mpaka Noeli, kwa gharama ya baraza."

"Mkate kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, ewe mtenda dhambi!"

Gucho akaufunika uso wake kwa mikono, mabega yakatikisika, akasema, "Namshukuru Mungu. Mhashamu, na baada ya Noeli nahisi nitaamini tena." Askofu akamtazama mtu yule asiye na viatu, ambaye adhabu yao wote kwake ilikuwa karamu, na kicheko kikamtoka, kicheko cha kweli, mpaka akaketi juu ya kile kigoda kwa kukosa nguvu. Akaamuru Gucho apewe mkate kutoka meza yake siku zote za maisha yake, aamini asiamini, pamoja na gunia jipya. Ama bata bukini, kwa kuwa baraza zima lilikuwa kwenye adhabu, akabebwa kwa Ermelina, akaliwa na mtu pekee mjini ambaye hakuamini kitu.

Hekaya yangu ningeweza kuiacha hapo, na mngekwenda zenu mkicheka. Lakini katika mji wa askofu jirani amri kama ile ilitangazwa pia, na huko hapakuwa na mtu wa kuuliza yule wa pili yuko wapi, na kuni zao hazikubaki. Ermelina aliposikia habari hizo kwa wasafiri, aliinama mizingani akawaambia nyuki, nao wakavuma. Kisha jioni akamimina maziwa bakulini, akayaweka kizingitini kama kawaida yake. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu, na katika Montarelo yote hapana aliyeuliza limenywewa na nani.